Kiti Kilichokwama Katikati ya Ngazi

Langskjera, 14 Januari

Aslaug, mke wangu,

Kiti chako cha umeme cha ngazini kinapanda na kushuka kwenye reli yake kama malaika mwenye haraka. Nimekitengeneza mwenyewe, kwa mikono hii hii unayosema haifai hata kupaka siagi. Nilikifungua, nikakitia mafuta, nikakifunga, na haikubaki skrubu hata moja. Ukirudi utapanda kwenda kulala kama malkia.

Nimesoma tena hapo juu nikaona ni uongo mtupu. Nisipokwambia mimi, Gunnvor wa dukani atakwambia, na yeye habari huzipikia chumvi nyingi. Kiti kimekwama katikati ya ngazi tangu juma lililopita. Gia imeng'oka meno, kama mwenye nyumba. Skrubu zilizobaki nimezitia kwenye kile kikombe chako cha maua.

Usiogope. Halmashauri imeniandikia kwamba mkaguzi wao, Bi Solfrid, atakuja tarehe kumi na mbili Februari kuangalia kama nyumba yetu inamfaa mtu mwenye nyonga ya chuma. Choo kiko juu, bafu liko juu, kitanda kiko juu. Kiti kikipanda, unarudi nyumbani, na muuguzi atakuwa anakuja na boti kukutazama. Kisipopanda, unabaki huko huko. Nilimpigia simu kuhakikisha. Alilisema hilo kwa sauti tamu sana, kama anayekuuliza unataka sukari kiasi gani.

Kiwanda kilichounda kiti kilishakufa, lakini gia yenyewe nimeiona kwenye duka moja la mtandaoni la Ujerumani. Ni kidude cha shaba, hakizidi kikombe cha kahawa. Nimeagiza kwa tableti ya Gunnvor, nikatia namba za kadi, nikaandika anwani kama tunavyoandika sisi sote wa kisiwani: Duka la Gunnvor, Gatini. Mashine ikafikiri sana. Kisha ikasema malipo hayakukamilika, jaribu tena. Nikajaribu tena. Mimi nikiamrishwa na mashine ni mtiifu, si kama nikiamrishwa na wewe.

Simu sikupigii kwa sababu najua inapiga mluzi kwenye kifaa chako cha sikio mpaka chumba kizima kinaamka. Nahodha wa boti atakuletea hii mkononi.

Wako,
Torleif


Brenneset, Makao ya Wazee, 17 Januari

Torleif,

Gia haing'oki meno yenyewe. Kiti kile alikikalia marehemu Hjørdis miaka yote kabla hakijawa chetu, na unajua alivyokuwa mnene, na hakikulalamika. Nimekiacha kizima. Sasa niambie ulikipakia nini.

Mimi sijambo. Natembea na fremu ya kujishikilia mpaka dirishani, naangalia boti ikija. Chumbani nimewekwa pamoja na Bergljot, mjane wa mwalimu, anayejua kila kitu na kukirudia. Sakafu hapa zina joto, huhitaji soksi. Chakula ni laini, kana kwamba sote tulizaliwa jana.

Tarehe kumi na mbili naikumbuka bila wewe kunikumbusha. Wanaiandika kwenye ubao wa ukutani, mbele ya kitanda changu, na kila mhudumu anayepita huniuliza kama mume wangu yuko tayari. Nawaambia mume wangu ni fundi. Usinifanye mwongo mbele ya Bergljot.

Aslaug


Langskjera, 20 Januari

Aslaug,

Sawa, umenishika. Ni injini.

Ile injini ya mashua ya baba, yenye silinda moja. Kibandani kuna baridi ya kuua nyangumi, vidole vinaganda kwenye spana, nikaona nikaisafishe chumbani kwetu juu, karibu na jiko la kuotea moto, maadamu hupo wa kupiga kelele. Nikaikalisha kitini, nikaifunga mkanda vizuri, nikabonyeza kitufe. Ilipanda kwa heshima mpaka katikati. Hapo kiti kikaguna, kikalia kama kondoo, kikanyamaza. Injini bado imekaa pale, na mkanda wake kiunoni, inatazama ukuta. Kila nikipita kwenda kulala lazima nijibanze. Siku mbili za mwanzo nilikuwa naisalimu.

Hilo ndilo kosa langu. Sasa sikiliza kosa la wenzangu.

Duka la Ujerumani linasema halijalipwa. Kadi nayo inaonyesha pesa hazipo. Nikapiga simu benki, nikangoja nikisikilizishwa kinanda mpaka viazi vikaungua. Akapokea kijana mmoja mpole. Akasema pesa zako, mzee, hazijatoka. Nikasema basi vizuri, nizitumie. Akasema haziwezi kutumika, zimeshikiliwa. Nikauliza zimeshikiliwa na nani. Akasema kwa niaba ya duka. Nikaandikia duka. Wakajibu kwa adabu kwamba hawajaona hata krona moja, na kwamba agizo wamelifuta kwa sababu anwani yangu si nyumba, ni duka, na wao hawapendi mtu anayejificha nyuma ya duka.

Nikarudi kwa kijana. Nikamwambia agizo limefutwa, achia pesa. Akasema zitaachiwa zenyewe. Lini? "Zikiachiwa utaona, mzee." Na kumbe kila mashine iliponiambia nijaribu tena, zilishikwa nyingine juu ya zile. Nilijaribu mara tatu. Sasa kadi imejaa mpaka shingoni na sijanunua kitu. Ningekuwa nimeibiwa ningejua la kufanya, ningemtafuta mwizi. Hizi ziko baharini, kati ya hapa na Ujerumani, na kila upande unaniapia haujazigusa.

Usimwambie Bergljot.

Torleif


Brenneset, 23 Januari

Torleif,

Mimi na hizo pesa zako tumefanana. Hatujatumika, hatujarudishwa. Nikiuliza huku naambiwa niko kwa muda tu. Nikiuliza huko naambiwa kitanda changu kipo. Nani amenishika, hakuna anayesema.

Sikukasirika kwa sababu ya gia. Nimekasirika kwa sababu ya chumba. Mtu anayemngoja mkewe arudi hageuzi chumba chao kuwa karakana. Ulishawaza mafuta ya injini yale yangekaa wapi? Upande wangu wa kitanda, nakujua. Halafu eti kiti kinavunjika, halafu eti kadi, halafu eti anwani. Kila barua ina sababu mpya, na zote zinaishia palepale, kwamba sirudi.

Kama umeizoea nyumba bila mimi, sema tu. Mimi si mtoto. Kuna watu hapa waume zao waliwaambia wanangoja fundi wa paa, na sasa hata kuja kuwatazama hawaji.

Nijibu hilo, usinijibu lingine.

Aslaug


Langskjera, 27 Januari

Aslaug,

Umesikia kwamba mumeo sasa ni kiongozi wa genge? Kaa vizuri.

Jumamosi nilikwenda kununua kahawa, kile kimashine cha kadi cha Gunnvor kikanikataa mbele za watu. Watu wakataka kujua kulikoni, nikawaeleza. Unawajua watu wetu. Ukisema paa la fulani limeezuliwa na upepo, hujamaliza sentensi wameshaleta misumari. Gati tulijenga kwa ujima, jenereta la shule tulilibeba kwa ujima, mashua ya Ingebrikt tuliing'oa kwenye mwamba kwa ujima ingawa wote tulijua alikuwa amelewa. Basi Ingebrikt akatoa kadi yake akaipiga mezani. Akasema jaribu hii, Aslaug alinilishia mbwa wangu mwaka mzima nilipokuwa hospitali.

Ikashikiliwa.

Gunnvor akatoa yake. Ikashikiliwa. Akatoa mwalimu, wakatoa mafundi wa mabwawa ya samaki, watu wakapigiana simu, foleni ikafika nje kwenye theluji. Kasisi alikuja kununua mishumaa akatoa ya kwake, ilipokwama akatoa ya parokia. Nayo ikakwama. Nikamwambia kumbe hata Bwana haaminiki Ujerumani, akacheka, lakini si sana. Kila mtu aliagiza gia ileile, kwa duka lilelile, iletwe Duka la Gunnvor, Gatini. Tulifurahi kama siku ya harusi. Hakuna hata mmoja aliyewaza tunaonekanaje kwa mtu aliyeko upande wa pili.

Mchana benki ikampigia Gunnvor. Mwanamke akamuuliza kwa sauti ya chini kama yuko salama na kama kuna mtu amesimama karibu naye anamlazimisha. Gunnvor akasema yupo Torleif, lakini huyo yupo kila siku. Nadhani hilo halikutusaidia. Kwa macho yao sisi ni wezi tulioiba kadi za kijiji kizima, tukajificha dukani, tunakusanya gia za viti vya wazee. Kadi zote zimefungwa. Za kisiwa kizima, Aslaug. Pampu ya mafuta ya gatini haimpi mtu hata tone. Noti za karatasi hakuna aliye nazo, mimi mara ya mwisho nimeziona kwenye ubatizo. Gunnvor anatoa mkate kwa kuaminiana, akikodoa macho.

Na duka la Ujerumani limeandika kwamba halitatuma tena kitu chochote kwenye anwani hii.

Injini tumeishusha, mimi na Ingebrikt na kasisi. Kiti bado kipo katikati. Kila nikipanda nabonyeza kitufe, labda kimepona chenyewe. Kinaguna tu. Chakula hakipiti vizuri, lakini hilo litakuwa kwa sababu napika mimi.

Torleif


Brenneset, 29 Januari

Torleif,

Nimesoma habari za kadi za watu wote. Nilichokuuliza hukujibu.

Nitumie jina la hilo duka na namba ya gia. Iandike kwa herufi kubwa, si kwa huo mwandiko wako wa kuku. Usiniulize ya nini.

A.


Langskjera, 31 Januari

Aslaug,

Namba iko nyuma ya karatasi hii, na jina la duka. Nimeandika kwa rula.

Sijui unataka kufanya nini, na wewe ukisema nisiulize huwa nauliza, lakini barua yako ilikuwa fupi mno. Umesaini herufi moja. Hata kwa mtoza kodi husaini jina zima.

Torleif


Langskjera, 6 Februari

Aslaug,

Leo imekuja barua ya serikali. Inasema umehama Langskjera, na makazi yako ni Makao ya Wazee, Brenneset. Inasema mkazi wa nyumba hii ni mimi peke yangu. Imenitaja jina kamili, la baba na la ukoo, kama tangazo la mazishi.

Sikuamini, nikasema na hao nao wamekosea anwani. Halafu akapiga simu Bi Solfrid. Amefuta ukaguzi wa nyumba yetu, kwa kuwa hakuna tena wa kukaguliwa. Akanipa hongera, akasema nafasi ya kudumu wengine wanaingoja miaka. Sauti ileile ya sukari. Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo mama yangu angenichapia.

Kama ni sakafu za joto, ungesema. Kama umechoka na mimi, ungesema pia, ungesema kwa sauti na sufuria mkononi, kama kawaida yako. Si kwa karatasi ya serikali.

Uliniuliza kama nimeizoea nyumba bila wewe. Nilidhani unanichokoza, ndiyo maana nilikujibu kwa kadi. Sijazoea. Napika viazi vya watu wawili, vya pili nawatupia shakwe, wamenenepa, wameanza kunidharau. Soksi zako za sufu bado ziko juu ya jiko. Zimeshakauka zamani, lakini nikizitoa sijui niziweke wapi.

Sina utani mwingine leo.

Torleif


Brenneset, 6 Februari

Torleif wangu,

Isome hii kabla hujafungua kifurushi, na kama umeshapokea kitu chochote kutoka serikalini kabla yake, kitie kwenye moto wa jiko.

Duka lile lina sharti: kitu hupelekwa pale tu mwenye kadi anapoishi. Kwa kisiwa haliwezekani, mmeshaliharibu. Kadi ninayo mimi, imelala kwenye pochi tangu nivunjike, haijashikiliwa na mtu. Nilifikiri nitaandika anwani ya hapa basi. Bergljot akapiga simu benki kwa niaba yangu, akawa anapaza sauti mpaka nikasikia pande zote mbili. Benki ikasema anwani yangu haichukui kwangu, inaichukua kwa serikali. Ikiwa serikali inasema naishi Langskjera, naishi Langskjera.

Basi nikaiambia serikali nimehama. Mhudumu alinisaidia kwenye kompyuta, hata dakika tano haikuchukua. Tangu niletwe nilikuwa nimekataa kuandika jina la mahali hapa chini ya jina langu, hata kwenye kadi ya maktaba. Niliandika. Kesho yake nikaagiza, nikalipia ije haraka kwa ndege. Pesa hazikushikwa hata kidogo, zilipita kama maji.

Gia ilifika jana. Ni nzuri, nimeilaza mapajani.

Lakini asubuhi ya leo nimeamka nikakuta wamebandika jina langu mlangoni. Ubao wa ukutani umefutwa tarehe. Mhudumu akanikumbatia, akasema karibu nyumbani. Nikamwambia ni kwa ajili ya gia. Akasema ndiyo, ndiyo, mama, akanitengenezea mto. Hapa ukisema kweli wanakutengenezea mto.

Nina la kuungama. Dirishani sijafika hata siku moja. Fremu naishika, nasimama, nakaa. Boti ikija ni Bergljot anayenieleza bahari ilivyo, na anaeleza vibaya. Niliogopa ukijua siwezi kutembea utasema heri nibaki. Kwa hiyo kiti kile si cha anasa, Torleif. Bila kiti mimi hata ngazi ya tatu sifiki.

Nahodha ameahidi kukupa kifurushi mkononi. Fanya haraka. Kila siku ninayokaa hapa jina lile mlangoni linazidi kukauka.

Aslaug wako


Langskjera, 12 Februari

Aslaug,

Barua zetu zilipishana baharini, yangu ilikwenda na boti iliyoleta yako. Ile yangu utakuwa umeshaisoma. Sehemu ya soksi niliiandika nikiwa na mafua.

Gia nimeitia. Sikuongopi safari hii, aliyeshika taa ni Ingebrikt, muulize. Kiti kilikwenda juu, kikarudi, kikaenda tena. Nilipanda nacho mimi mara nyingi kuliko inavyompendeza mtu wa umri wangu, nikakaa pale juu, nikashindwa kuteremka kwa muda, si kwa sababu ya kiti.

Lakini kiti kinapanda na wewe umehama. Nikampigia Bi Solfrid kumweleza. Akasema kesi imefungwa, tuombe upya, wataipanga baada ya Pasaka. Nikaweka simu chini. Baada ya Pasaka mtu mwenye jina mlangoni ni mtu wa huko.

Kisha nikakumbuka kwamba leo tarehe kumi na mbili alikuwa aje kukagua pia kwa Ingebrikt, mambo ya macho yake. Boti ilipofunga nilikuwa gatini nimenyoa ndevu. Nikambebea mkoba. Nikamwambia kwa Ingebrikt hakuna kahawa, ambayo ni kweli, niliiondoa mwenyewe asubuhi. Kahawa iko kwangu. Alinitazama kama anayejua anadanganywa, lakini kulikuwa na upepo.

Alipokunywa nikampandisha kwenye kiti. Akapanda na kikombe mkononi, mtu mzima wa serikali, akashuka hajamwaga hata tone. Akasema kiti ni kizuri, Torleif, sina neno na kiti. Tatizo ni kwamba kwa kumbukumbu zetu mkeo haishi hapa.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi ya ukali, mengine ya matusi. Yote yalinitoroka. Nikamwambia, "Yeye alihamisha anwani ili gia ipite, dada. Mwenyewe hajahama. Angalia."

Akaangalia. Sikuwa nimepanga kitu, nakuapia, na nyumba ilikuwa chafu. Miwani yako dirishani. Aproni msumarini, mfukoni ule ufumaji uliouacha katikati. Kijiko chako cha jamu ambacho mimi sithubutu kukigusa. Aliangalia kila kimoja, polepole, hata zile soksi juu ya jiko. Akauliza una umri gani. Nikamwambia, akasema mama yake ana umri huohuo. Hakuipigia simu halmashauri mbele yangu, alitoka nje kwenye upepo akapigia huko. Niliona mdomo wake dirishani na sikusikia kitu, nikajua unavyoishi wewe na hicho kifaa chako.

Alirudi pua nyekundu. Unarudi Jumatano ijayo, na boti ya asubuhi. Muuguzi ataanza Alhamisi. Anwani utairudisha ukiwa umekaa jikoni kwako.

Pesa zangu bado hazijaachiwa. Zikae huko, sina haraka nazo tena. Kadi za watu zimefunguliwa moja moja, ya parokia ya mwisho. Nitakuja na hiyo boti mimi na Ingebrikt, tukubebe. Usijikaze kutembea mpaka mlangoni ili unione, nitaingia mpaka ndani.

Sasa la kwangu. Tangu ile barua ya serikali mpaka kifurushi kilipofika mkononi niliishi nikidhani nimeachwa, nikiwa na umri huu na meno haya. Kwa hilo nakudai, na malipo yenyewe ni madogo. Nywele zangu zimefika mabegani, Gunnvor ameanza kuniita nabii, na sijamruhusu mtu mwingine karibu na masikio yangu kwa mkasi tangu tuoane. Unikate siku hiyohiyo, jikoni, kabla watu hawajaanza kuja kukuona. Na uombe mkasi huko kwa Bergljot uje nao, kwa sababu wa kwetu nilikatia bati.

Torleif